Sura ya Nne: Mtoto, Nyasi na Kupe

Neno la kwanza ambalo mtoto wa miaka minne au mitano husikia kutoka kwa wakubwa wake juu ya konde na mwitu, aghalabu ni katazo. Huambiwa asiingie majanini, asimkumbatie mbwa, asiketi chini ya mti walipolala ng'ombe. Na makatazo hayo, ingawa hutamkwa kwa ukali, asili yake ni mapenzi, wala hapana mtu mwenye insafu awezaye kumlaumu mama au mwalimu kwa kuyatamka. Lakini yana kasoro moja ambayo, kwa maoni yangu, huondoa nusu ya faida yake. Mtoto aliyekatazwa nyasi, kisha kwa desturi ya utoto akaingia nyasini, akarudi nyumbani jioni na kupe ameng'ang'ania nyuma ya goti lake, hujiona ana hatia mbili, hatia ya kuasi na hatia ya kuumwa, na kwa hofu ya ile ya kwanza huificha ya pili. Siku mbili tatu anazokaa kimya kwa kuogopa fimbo, ndizo siku ambazo mnyonyaji yule hushiba, na ndizo ambazo vijidudu vya maradhi, ikiwa anavyo, hupata wasaa wa kupita katika mate yake na kuingia katika damu changa.

Kwa sababu hiyo mafunzo haya huanza mahali ambapo wengi humalizia. Kabla mtoto hajajua kupe ni nani na hukaa wapi, afundishwe kusema. Aambiwe, tena mara nyingi na kwa uso mkunjufu, ya kuwa kila amwonapo mdudu aliyenata mwilini mwake, au kipele kiwashacho, au mahali panapouma bila sababu, alete habari upesi kwa mama, baba, bibi, dada au mwalimu, na ya kuwa habari hiyo itapokewa kwa shukrani, wala hataulizwa alikuwa wapi mpaka mdudu ametolewa na ngozi imeoshwa. Nimepata kumsikia mwalimu wa chekechea, katika kijiji cha wafugaji, akimwambia mtoto aliyekuja kumwonyesha kupe kwapani mwake: "Ahsante, mwanangu, umefanya kazi ya mganga." Mtoto yule aliketi katikati ya wenzake kwa fahari kubwa, na baada ya hapo mwalimu hakuwa na shida ya kuletewa habari, shida yake ilikuwa kutazama vidole na visigino vingi ambavyo havikuwa na kitu. Shida hiyo ni ya heri, na mwalimu aistahimili.

Jambo hilo likiisha kukita, ndipo inapofaa kumjuvya mtoto kiumbe mwenyewe. Wala pasiwe na haraka katika somo hili, maana watoto wadogo wana shauku ya ajabu kwa viumbe vidogo, na shauku hiyo ni rasilimali kubwa kuliko woga. Mwalimu atafute kupe mkubwa aliyetolewa kwa ng'ombe au mbuzi, amtie katika chupa nyeupe yenye kizibo imara, aipitishe chupa mkononi mwake mwenyewe mbele ya kila mtoto, kisha awaulize: ana miguu mingapi? Watahesabu, watabishana, watahesabu tena, hata wafike nane. Ndipo waletewe sisimizi wahesabu yake, nao wataona ni sita. Hapo mwalimu huweza kuwaambia habari ambayo hata wakubwa wengi hawana, kwamba kupe, ijapokuwa sote twamwita mdudu, katika daftari za wenye elimu ya viumbe amewekwa pamoja na buibui na nge, na si pamoja na inzi na siafu. Na akitaka kuwastaajabisha zaidi, awaambie kwamba kupe anapoanguliwa katika yai huwa na miguu sita tu, kisha baada ya kula mlo wa kwanza na kujivua ngozi hutokea na minane. Mtoto ambaye meno yake ya utotoni yanang'oka hulielewa jambo hili mara moja, kwa kuwa mwili wake nao unabadilika.

Katika umri huo wa kwanza kupe ni mdogo kuliko chembe ya ulezi, na hili lazima lisemwe waziwazi, kwa maana mtoto aliyeonyeshwa kupe wa ng'ombe aliyevimba kwa damu atawatafuta wa namna hiyo peke yao, na wale wadogo, ambao ni wengi zaidi na ambao baadhi yao hubeba maradhi sawasawa na wakubwa wao, atawapita asiwaone. Kupe jike huteremka chini akisha kushiba, hutaga mayai maelfu mahali pamoja, kisha hufa. Na watoto wake wanapoanguliwa hupanda majani kwa kundi. Ndiyo sababu mtu apitaye mahali pamoja huweza kurudi na vidoti vingi vyekundu miguuni, ilhali mwenzake aliyepita hatua chache pembeni yake hana hata kimoja.

Namna kupe anavyowinda inafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ukweli wake unaondoa hofu nyingi za bure. Kupe hana mbawa, haruki wala hachupi, na hawezi kumfukuza mtoto aendaye mbio. Hupanda ncha ya jani, akashika kwa miguu ya nyuma, akainyoosha ya mbele hewani, na kungoja. Katika miguu hiyo ya mbele mna kiungo kidogo cha kunusia, ambacho kwacho huhisi pumzi itokayo puani mwa mnyama na joto la mwili wake. Naye mnyama au mtu akigusa jani, kupe hushika unyoya au nguo na kuanza safari ya kutafuta mahali penye ngozi laini. Habari ya kiumbe mwenye pua miguuni huwachekesha watoto sana, na katika kicheko hicho mna fursa ya kutega kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Hana mbawa, hana mbio, hungoja mgeni ampe chakula." Watakaokitegua watakwenda kuwategea ndugu zao nyumbani, na kwa njia hiyo somo hufika katika nyumba ambazo mwalimu hajapata kuingia.

Watoto wa wafugaji hawana haja ya chupa. Wao wamemwona kupe masikioni mwa ndama tangu walipojua kutembea, wamesikia wazee wakitaja ndigana kali, maradhi ya ng'ombe yaletwayo na kupe, kwa sauti ileile wanayotajia msiba, na wameuona mfugo ukiswagwa kwenda joshoni siku iliyowekwa. Mwalimu aliyetoka mjini asiwafundishe hao. Awaulize, na awape nafasi ya kuwaeleza wenzao. Maarifa ya wachungaji juu ya kupe yana heshima yake hata katika tarehe ya elimu ya tiba. Mwaka 1893, huko Marekani, Theobald Smith na mwenzake Kilborne walithibitisha kwamba homa ya Texas, iliyokuwa ikiteketeza ng'ombe, huchukuliwa na kupe, nayo ilikuwa miaka minne kabla Ronald Ross hajakiona kijidudu cha malaria tumboni mwa mbu. Lakini wachunga ng'ombe wa huko walikuwa wamekwisha mshuku kupe muda mrefu, na wenye elimu wa siku zile hawakuyapa maneno yao uzito.

Sasa nafika katika sehemu ambayo naomba msomaji aisome kwa makini kuliko zote. Vitabu vingi vya watoto juu ya kupe vimetungwa Ulaya na Marekani, na hadithi iliyo nyuma yake ni tukufu. Katika mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, watoto wengi walivimba viungo, na mwaka 1975 mama mmoja, Polly Murray, hakukubali kuambiwa kwamba ni sadfa. Alikusanya habari za jamaa yake na za jirani, akazipeleka kwa wakuu wa afya, na kutokana na ukakamavu wake, pamoja na wa mama wenzake, uchunguzi ukafanywa, hata mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenzake wakatangaza kijidudu walichokikuta ndani ya kupe wa mwituni. Basi watoto wa nchi hizo hufundishwa kwamba hatari iko porini, na kwamba usalama ni mlangoni mwa nyumba. Kwao mafunzo hayo yanafaa. Lakini yakihamishwa yalivyo na kupelekwa Dodoma, huacha nje nusu ya jambo, tena nusu iliyo nzito kwa mtoto mdogo, kwa sababu huku kuna papasi.

Papasi ni ndugu wa kupe, lakini tabia zake ni mbali. Hakai nyasini. Hukaa ndani ya nyumba, katika vumbi la sakafu ya udongo na nyufa za kuta, hasa karibu na mahali watu wanapolala. Mwili wake ni wa rangi ya vumbi, ngozi yake ngumu yenye mikunjo, na macho hana. Usiku, watu wakiwa usingizini, hutoka, hunyonya kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurejea katika ufa wake kabla ya alfajiri, na huweza kukaa miaka pasipo chakula akingoja wenyeji warudi. Maradhi anayoyaleta, homa ya papasi, humshika mtu siku chache kwa ukali, yakamwacha hata akadhani amepona, kisha baada ya juma moja au karibu na hapo yakarudi, na pengine yakarudi tena. Na wanaoumizwa zaidi ni wanawake wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano. Katika Tanzania sehemu za Dodoma, na Mvumi hasa, zimejulikana kwa homa hiyo kwa miaka mingi.

Habari za papasi si ngeni katika njia za misafara. Livingstone alimtaja papasi na madhara ya kuumwa naye katika kitabu cha safari zake kilichochapishwa mwaka 1857. Mwaka 1905, huko Kasongo, katika nchi ya Manyema ambako Kiswahili kilikuwa kimekwisha fika kwa miguu ya wapagazi, tabibu Joseph Dutton, aliyekwenda Kongo pamoja na mwenzake John Todd kuchunguza malale, na huko wakaichunguza homa ya papasi pia, alikufa kwa homa ileile aliyokuwa akiichunguza. Na kijidudu cha homa hiyo kikapewa jina la Dutton. Mwaka huohuo Robert Koch alikuwa akizunguka katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, akiwachunguza papasi wa vibanda vya kupumzikia wasafiri, akagundua kwamba kijidudu kile huingia hata ndani ya mayai, bi maana papasi huwarithisha watoto wake maradhi kabla hawajapata kumwona mtu. Kwa hiyo nyumba ikiisha kushikwa huweza kubaki na hatari, hata kama hapana mgonjwa aliyelala humo karibuni.

Sitaki mtu yeyote asome haya kama dharau kwa nyumba za udongo au kwa wakaao ndani yake. Tembe la Mgogo lilijengwa kwa akili ya nchi yenye jua kali na usiku wa baridi, na watu safi kabisa wameishi humo na papasi kwa sababu tu udongo hupasuka. Lililo la lazima ni kwamba mtoto alale juu ya kitanda, kiwe cha kamba au cha mbao, kilichosogezwa mbali na ukuta, chini ya chandarua kilichotiwa dawa na kuchomekwa chini ya godoro. Na mwenye uwezo aisakafie nyumba kwa saruji na kuziba nyufa. Mtoto wa Dar es Salaam apelekwaye kwa bibi wakati wa likizo, akalala na binamu zake juu ya mkeka sakafuni kwa furaha ambayo hataisahau maishani, asizuiwe kwenda. Bibi na apewe salamu, na kitanda kitafutwe.

Kwa papasi, mtoto hana mdudu wa kuleta. Asubuhi mdudu amekwisha ondoka, na mtoto huenda hakuhisi kitu. Analo neno tu: kwamba alilala wapi, chini au juu, na kwamba aliamka na alama. Ndiyo maana nilitangulia kusema kwamba kusema ndilo somo la kwanza. Mtoto azoeshwe kuuliza na kujibu maswali mepesi kila asubuhi, umelalaje, umelala wapi, kuna panapowasha, na mazoea hayo yakiingia katika maamkio ya nyumbani hayatamchosha mtu.

Jioni, kabla ya kuoga, ni wakati wa ukaguzi. Nauita ukaguzi kwa kukosa jina lililo laini zaidi, lakini katika nyumba njema huwa ni mchezo: mama huimba wimbo wowote anaoupenda, na kwa kila mshororo mtoto huonyesha mahali pamoja, utosini, nyuma ya masikio, kisogoni, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, kati ya vidole vya miguu. Kinenani atazame mtoto mwenyewe, au mzazi wake, na mtoto afahamishwe kwamba hapana mtu mwingine aliye na haki ya kukagua hapo. Nywele zilizosukwa huhitaji ncha za vidole kuliko macho, maana kupe hujificha katika njia za misuko na hugusika kabla ya kuonekana. Kisha mtoto naye amkague mwanasesere wake, au mbwa wa nyumbani mbele ya mkubwa, kwani afundishaye mwingine hukumbuka.

Kupe akionekana, atolewe na mkubwa. Mtoto mdogo asifundishwe kumng'oa mwenyewe, ila afundishwe kutomkwaruza na kutulia. Mdomo wa kupe una meno yaliyoelekea nyuma, na baadhi yao hujigandisha kwa ute ukaukao, hivyo mtu amvutaye kwa pupa humkata na kuuacha mdomo ndani. Kibano chenye ncha nyembamba kimshike karibu kabisa na ngozi, si tumboni, kisha kivutwe juu moja kwa moja, kwa nguvu ya wastani isiyokatika, pasipo kupindapinda. Mahali pale paoshwe kwa maji na sabuni, na mikono kadhalika. Kupe asipasuliwe kwa kucha, jambo ambalo wakubwa wengi hulifanya mbele ya watoto kwa furaha ya kulipiza kisasi, kwa maana damu na majimaji yake huweza kuingia katika mkwaruzo wa kidole.

Desturi ya kumchoma kwa kijinga cha moto au sigara, ya kumpaka mafuta ya taa, na ya kumziba kwa mafuta mazito ili akose pumzi, zote ziachwe: moto humchoma mtoto, na kupe aliyesumbuliwa huweza kutapika ndani ya jeraha kile ambacho tunakiogopa. Na liko jingine baya kupita hayo, ambalo nalitaja kwa uchungu. Wako watu ambao, kwa kuona dawa ya josho inavyowaangusha kupe wa ng'ombe, humpaka mtoto dawa hiyo kichwani. Ni sumu. Imepimwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe, na hata kwa ng'ombe hutiwa maji mengi. Mtoto huweza kufa nayo. Chupa yake iwekwe mahali pa juu penye kufuli, wala isihamishiwe kamwe katika chupa ya soda.

Juu ya mavazi sina mengi. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, nguo ya rangi nyeupe ambayo kupe huonekana juu yake, na kutembea katikati ya njia badala ya kujisugua na majani ya kando, hutosha kwa safari ya shule kwenda mbugani au bustanini. Nyasi za uwanja wa shule zifyekwe ziwe fupi, na mifugo isilale pale watoto wanapochezea. Mbwa naye atibiwe kwa dawa yake, apendwe, ila asilale kitandani. Zaidi ya hayo mtoto aachiliwe. Atambue kanga na kuku wadonoao kupe uani. Amwone yule ndege apandaye mgongo wa ng'ombe na nyati, akiwachopoa kupe mmoja mmoja kwa mdomo wake mwekundu. Apande mti, achimbe udongo, ajue harufu ya mvua. Mtoto aliyefungiwa ndani kwa hofu ya nyasi hupoteza haya yote, na ikiwa nyumba ni ya papasi, hajaokolewa na kitu.

Siku mtoto anapotolewa kupe, tarehe iandikwe ukutani au katika kalenda, na kwa muda wa majuma mawili yanayofuata mtoto atazamwe. Kupe wa porini na wa ng'ombe huweza kuleta homa ambayo dalili zake ni maumivu ya kichwa, mitoki iliyovimba karibu na mahali palipoumwa, na pale penyewe kidonda kidogo chenye gamba jeusi katikati. Dawa yake ipo na hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema. Homa ya papasi nayo ina dawa. Lakini homa hizi zote mwanzoni hufanana na malaria, na katika zahanati yenye watoto wengi mtoto huweza kupewa dawa ya malaria, akapata nafuu kwa kuwa homa imepumzika yenyewe, akarudi baada ya juma akiwa mahututi. Mzazi asione haya kumwambia tabibu maneno aliyoyasikia kwa mtoto wake, kwamba alilala chini kwa bibi, au kwamba alitolewa kupe tarehe fulani, na aombe damu itazamwe kwa darubini wakati ambapo joto liko juu, kwa maana kijidudu cha homa ya papasi huonekana katika damu homa ikiwa imepanda, na ikishuka huadimika hata macho mazoefu yasikione.